Muulize Fundi: Ikoni za dekstopu zinapofanana, zinapopotea na zinapodanganya

Mwezi huu maswali mengi yamekuja juu ya kitu kimoja, vile vipicha vidogo vinavyokaa kwenye dekstopu, yaani ikoni, na nimefurahi kwelikweli kwa sababu watu wengi wanazichukulia kama urembo tu, mtu anabadilisha akiwa hana kazi. Mimi siamini hivyo. Kompyuta nyingi za kwetu hazina mtumiaji mmoja, iko dukani inashikwa na watatu, iko nyumbani inashikwa na kila anayepita, na maandishi yake mengi ni Kiingereza, sasa mtu anaongozwa na nini kama siyo picha? Picha ikifanana na jirani yake anafungua siyo, picha ikipotea anaganda, na picha ikimdanganya anaingiza kirusi kwenye kompyuta ya ofisi nzima. Haya yote matatu yamo kwenye barua za leo. Wote walioandika wanatumia Windows 10 au 11 kwa hiyo nimejibu kwa hizo, mwenye 7 asiogope, hatua karibu zote ni zile zile.

Fundi habari za kazi. Nina stesheneri hapa Morogoro, tunachapa, tunatoa fotokopi na kuskani. Kwenye dekstopu nina mafaili ya Word kama arobaini hivi, mkataba wa pango, barua ya kuomba kazi, CV, hati ya kuuziana kiwanja, kadi za mchango wa harusi, na yote yana ule ule mchoro wa bluu. Binti anayenisaidia foleni ikiwa kubwa anafungua siyo lenyewe, na juzi mteja kaondoka na mkataba wenye majina ya watu wengine. Nimetafuta pa kubadilishia ikoni ya faili sijapaona. Nafanyaje?

Nzuri ndugu yangu, pole na hilo la mkataba, hilo ni zito na nitalirudia mwishoni maana ikoni peke yake haitalimaliza.

Hujapaona kwa sababu hapapo. Windows inatoa ikoni kwa aina ya faili, siyo kwa faili moja moja, kwa hiyo mafaili yote ya Word yanavaa sare moja na huwezi kulivua moja tu. Kinachoweza kuvaa nguo yake peke yake ni shotikati, ile njia ya mkato yenye kamshale kadogo kwenye kona. Kwa hiyo kazi inaanza hapa: hamisha mafaili yako yote kutoka kwenye dekstopu uyaweke kwenye folda moja ndani ya Documents, halafu kila faili unalolitumia sana litengenezee shotikati. Njia ya haraka kuliko zote, shika faili kwa maus huku umebonyeza kitufe cha Alt kwenye kibodi, liburute mpaka dekstopu uachie, tayari umepata shotikati na faili lenyewe limebaki kwao.

Sasa ichague hiyo shotikati, bonyeza Alt na Enter kwa pamoja, litafunguka dirisha la "Properties", hapo kwenye "Shortcut" kuna kitufe cha "Change Icon". Ukikibonyeza utaletewa ikoni chache au utaambiwa faili hilo halina ikoni, usihangaike, kuna kisanduku cha kuandika njia ya faili, futa kilichomo uandike hivi:

%SystemRoot%\System32\shell32.dll

kisha Enter. Hapo ndo utaona hazina yenyewe, mamia ya ikoni zimepangwa mstari, kuna ufunguo, kufuli, mti, nyota, dunia, printa, kioo cha kukuzia, vyote vimo ndani ya faili moja. Hilo ndilo tunaloliita maktaba ya ikoni, yaani faili moja lililobeba picha nyingi na kila picha ina namba yake. Ukimaliza hiyo andika imageres.dll mahali pa shell32.dll, hiyo ina picha za kisasa zaidi, imekuja na Windows Vista na zimechorwa vizuri hata ukizikuza. Ipo na ddores.dll yenye vifaa kama printa, spika na kamera. Ipo pia moricons.dll, hii ni ya zamani sana, imekuwepo tangu Windows 3.1 ya mwaka 1992 na ndani yake kuna ikoni za programu za DOS, mfumo uliotangulia Windows, kama WordPerfect ya kuandikia, vijana hawazijui kabisa lakini kwa kazi yako zinafaa maana zina rangi kali na hazifanani na kitu kingine chochote.

Kwenye kuchagua ndo nakuomba utulie. Usichague inayokupendeza wewe, chagua inayomkumbusha binti kazi yenyewe. Mimi ningeweka ufunguo kwa mkataba wa pango, maana nyumba inakabidhiwa kwa ufunguo, mti kwa hati ya kiwanja, nyota kwa kadi za harusi. Mwite akae pembeni yako, muulize yeye hii ikoni inamwambia nini, akisema kitu kingine tofauti na ulichofikiria mfuate yeye. Halafu zibadilishe zile kumi mnazozitumia kila siku, siyo zote arobaini, kwa sababu arobaini zenye picha arobaini ni vurugu ile ile kwa sura nyingine.

Na huo mkataba ulioondoka. Tatizo siyo picha, tatizo mnafungua mkataba wa jana mnafuta majina mnaandika mapya, siku mkisahau kufuta ndo hivyo. Fungua mkataba mmoja, toa majina yote na kiasi cha pesa uache nafasi tupu, usevu kwa "Save As" na kwenye aina ya faili uchague Word Template, litapata mwisho wa .dotx. Shotikati yako iielekeze huko. Kuanzia hapo mkibofya ile ikoni ya ufunguo Word inawapa karatasi mpya kila mara, na ile ya asili haiguswi. Za wateja zisevuni kwenye folda nyingine kabisa.

Habari yako fundi, niko Nakuru, nafanya kwa saiba. Nilidanlodi faili ya .icl ina ikoni mia mbili na kitu, nikaiweka kwa flashi, nikabadilisha ikoni za kompyuta zote sita hapa na zikawa safi sana. Jioni nikaenda nyumbani na flashi, asubuhi kufungua kompyuta napata nyingine zote zimekuwa karatasi nyeupe, nyingine zimebaki sawa. Nimerudisha flashi na bado. Shida ni gani?

Nzuri, na hongera kwa kuanza na maktaba badala ya kubebana na mafaili mia mbili ya .ico moja moja.

Shida ni kwamba shotikati haibebi picha. Inabeba anwani. Ndani yake kumeandikwa maneno mawili tu juu ya ikoni, faili liko wapi na picha ni ya ngapi, mfano E:\ikoni.icl namba 57. Ulipoondoka na flashi uliondoka na nyumba, ikabaki anwani. Na uliporudisha asubuhi huenda kompyuta ikaipa flashi herufi nyingine, jana ilikuwa E leo F, basi anwani haipo tena hata kama faili lipo mkononi. Zile zilizobaki sawa zisikudanganye, Windows huwa inatunza nakala za ikoni kwenye kache ili isichore upya kila saa, hizo ulikuwa unaziona kutoka kwenye kache tu, siku kache ikisafishwa na zenyewe zinaondoka.

Dawa yake: kwenye kila kompyuta tengeneza folda C:\Ikoni, iwe hiyo hiyo jina moja kwenye zote sita, ukopi faili lako la .icl humo, halafu urudie kuelekeza shotikati huko. Ndiyo ni kazi ya mara ya pili lakini ni ya mwisho. Usiweke kwenye Downloads wala kwenye dekstopu, sehemu hizo watu wanasafisha bila kuuliza, hasa saiba ambako mteja anaona faili asilolijua anafuta.

Ukishaelekeza na bado unaona karatasi nyeupe ni ile kache inang'ang'ania. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika

ie4uinit.exe -show

kisha Enter, mara nyingi zinarudi hapo hapo. Zikikataa restati kompyuta kabla hujaanza kushuku kitu kingine.

Jambo lingine ambalo hukuuliza ila litakukuta. Siku utakapopata programu ya kuhariri hiyo maktaba na ukataka kuongeza ikoni mpya, iongeze mwisho, usiipenyeze katikati wala usifute ya katikati. Shotikati inahesabu kwa namba na hesabu inaanza sifuri, ukifuta ya 20 basi ya 21 inakuwa ya 20 na kila shotikati iliyo mbele yake inaonyesha picha ya jirani. Nimeshawahi kukaa nusu siku natafuta kirusi kwenye kompyuta ya mtu, kumbe kijana alifuta ikoni moja asiyoipenda.

Na kama unataka kutoa ikoni moja kutoka kwenye mafaili ya Windows yenyewe uitumie pengine, programu kama IconsExtract ya NirSoft au Resource Hacker zinafanya hiyo kazi na ni za bure. Ila ukifungua shell32.dll na programu ya namna hiyo kwenye Windows ya karibuni unaweza kukuta hamna kitu ukadhani imeharibika, siyo, kuanzia toleo la 1903 la Windows 10 picha zilihamishiwa C:\Windows\SystemResources, kwenye mafaili yenye mwisho wa .mun, mfano shell32.dll.mun. Kwa kubadilisha ikoni ya shotikati wewe endelea kuandika shell32.dll kama kawaida, Windows yenyewe inajua kwa kwenda. Na chonde chonde usifungue hayo mafaili ya System32 ukayahariri, kopi pembeni ucheze na kopi.

La mwisho kwako, unapodanlodi seti za ikoni angalia kilichomo. .ico na .icl ndizo unazozitaka. Ukifungua zipu ukakuta .exe inayosema eti ni ya kuinstoli ikoni, achana nayo. Ikoni hazihitaji kuinstoliwa.

Fundi mimi nauza vipodozi Tanga, nina laptopu ya hesabu za duka. Nataka logo ya duka langu iwe ndo ikoni ya faili la hesabu. Nimechukua picha yenye .jpg nikaibadilisha jina mwisho ikawa .ico, Windows inakataa. Mdogo wangu anasema lazima nilipe programu. Kweli?

Si kweli dada, usilipe. Kubadilisha jina la mwisho ni kama kuandika "sukari" kwenye kopo la chumvi, ndani hapajabadilika kitu. Faili la .ico limejengwa kivingine kabisa, ndani yake linabeba picha ile ile kwa saizi kadhaa, kawaida 16 kwa 16, 32 kwa 32, 48 kwa 48 na 256 kwa 256, halafu Windows inachagua yenyewe ya kuonyesha kutegemea mahali. Kwenye orodha ya mafaili inatoa ile ya 16, kwenye dekstopu ya kawaida inatoa ya 48, ukikuza sana inakwenda 256.

Tumia GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure. Fungua logo yako, ikate iwe mraba kabisa, maana ikoni ni mraba na picha ndefu itabanwa. Kama ina mandharinyuma nyeupe ifute ibaki wazi, la sivyo utapata kiboksi cheupe kinaelea juu ya dekstopu na hakipendezi. Kisha ipunguze kuwa 256 kwa 256, nenda kwenye "Export As" uandike jina na .ico mwisho. Ukitaka iwe nzuri kila mahali, nakili leya, yaani tabaka la picha, mpaka ziwe nne na kila moja uipe saizi yake katika hizo nne nilizotaja, GIMP itazifunga zote kwenye faili moja la .ico. Faili lisevu C:\Ikoni kama nilivyomwambia ndugu wa Nakuru hapo juu, kisha uelekeze shotikati ya hesabu zako huko.

Lakini nikwambie ukweli dada yangu, logo kama ina maandishi haitasomeka. Hebu piga hesabu, 16 kwa 16 ni nukta 256 tu, hapo unataka kuandika jina la duka na chini yake "jumla na rejareja" na ua pembeni? Haiingii. 256 kwa 256 ni nukta 65,536, ndo maana ukiwa unaitengeneza imejaa skrini unaiona nzuri halafu kwenye dekstopu inakuwa doa. Chukua kitu kimoja tu kutoka kwenye logo, lile ua au herufi ya kwanza, kijaze mraba wote, rangi mbili basi.

Kuna mama mmoja wa Marekani anaitwa Susan Kare, yeye ndiye aliyechora ikoni za Macintosh ya 1984 na baadaye za Windows 3.0 ya 1990. Za mwanzo alizichora kwenye daftari la karatasi ya vimraba, kila kimraba nukta moja ya skrini, 32 kwenda kulia na 32 kwenda chini, unajaza au unaacha. Daftari la hesabu lenye vimraba kila duka hapo Tanga linauzwa. Nunua, chora mraba wa 32 kwa 32, jaribu kulichora lile ua lako kwa kujaza vimraba kwa penseli. Kama kwenye karatasi linaonekana ni ua, kwenye dekstopu litaonekana ni ua. Nimewafanyisha hivi vijana wengi na wanaonishukuru ni wengi kuliko waliokwenda moja kwa moja kwenye programu.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu Kigoma, nina jukumu la kompyuta za shule. Nilifundisha wanafunzi kubadilisha ikoni, wakafurahi sana. Wiki ile ile flashi za walimu zikaanza kuonyesha folda zote zimekuwa shotikati, na ukibofya inafunguka lakini polepole. Walimu wenzangu wanasema nimeharibu mimi kwa kuchezea ikoni. Je ni kweli?

Marahaba mwalimu. Si kweli, na waonyeshe wenzako jibu hili. Kubadilisha ikoni ya shotikati hakugusi flashi ya mtu. Hicho ni kirusi, kile kinachojulikana mitaani kama kirusi cha shotikati, na kimetembea kwenye stesheneri, saiba na maabara za shule kwa miaka mingi kwa sababu sote tunabadilishana flashi.

Ila kuna uhusiano mmoja na somo lako, na ningependa uwafundishe wanafunzi uhusiano huo. Kirusi hiki kinatumia ujanja ule ule uliowafundisha. Kinaficha folda zako halisi, halafu kwa kila folda kinatengeneza shotikati yenye jina lile lile, na ikoni yake kinaichukua kwenye shell32.dll, namba 3, ambayo ni ile folda ya njano. Mwalimu anaona folda ya njano yenye jina "Mitihani" anabofya. Shotikati inaendesha kirusi kwanza halafu inamfungulia folda yake ili asishtuke, na huo ndo ule upolepole unaouona. Picha ni ya folda, kitu chenyewe siyo folda.

Cha kufanya, anza na kompyuta siyo flashi, maana ukisafisha flashi kwenye kompyuta chafu unajisumbua. Washa Windows Security au antivairasi mliyonayo, isasishe, ichunguze kompyuta yote mpaka mwisho. Kisha chomeka flashi, usibofye kitu chochote ndani yake, angalia imepewa herufi gani, tuseme E. Fungua Command Prompt uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Enter, subiri kidogo. Amri hiyo inaondoa ufichaji, folda halisi zitatokea pembeni ya zile za uongo. Aina nyingine za kirusi hiki hukusanya kila kitu ndani ya folda moja isiyo na jina, usiogope ukiikuta, fungua, mafaili ya watu yamo. Kopi mafaili kwenda sehemu salama, futa shotikati zote na faili lolote la .vbs au .exe ambalo hakuna anayelijua, kisha chunguza flashi nayo kwa antivairasi.

Na wafundishe wanafunzi vitu viwili. Cha kwanza, shotikati ukiitilia shaka ichague tu bila kuifungua, Alt na Enter, usome kwenye "Target". Folda ya mitihani ambayo target yake inaanza na cmd.exe au wscript.exe, hiyo siyo folda. Cha pili, wawashe kuonekana kwa mwisho wa majina ya mafaili, kwenye File Explorer, "View", kisha "File name extensions" (kwenye Windows 11 pitia kwanza "Show"), kwa sababu Windows inauficha tangu ilipowekwa, na .exe yenye ikoni ya PDF haitofautiani na PDF mpaka uone mwisho wa jina lake. Mtengeneza programu anaweka ikoni yoyote anayotaka, hakuna anayemzuia.

Waambie pia habari ya mwaka 2010, wataipenda. Kiligunduliwa kirusi kinaitwa Stuxnet, kilicholenga mitambo ya kurutubisha urani ya Natanz nchini Iran. Njia yake mojawapo ya kuingia ilikuwa flashi zenye shotikati maalumu, na hapo mtu hakuhitaji hata kubofya. Ilitosha kufungua flashi ukaangalia tu, kwa sababu Windows ilipokwenda kutafuta ikoni ya kuonyesha kwenye ile shotikati, ikoni ilielekezwa kwenye faili la kirusi, Windows ikalipakia na faili likaanza kazi. Microsoft walitoa kiraka Agosti 2010. Ndo maana nasisitiza kila siku kompyuta za shule zipate masasisho, hata kama bando ni la shida, tengeni siku moja kwa mwezi.

Mwalimu, usiache lile somo. Mtoto anayejua jinsi ya kubadilisha ikoni ndiye atakayejua kuwa ikoni inaweza kubadilishwa na mtu mwingine pia.

Maswali mafupi mafupi

*Nataka kutoa ule mshale kwenye shotikati, unaniharibia mwonekano (Mwanza).* Inawezekana kupitia Rejista, pale Windows inapotunza mipangilio yake ya ndani, ila sikuonyeshi, na sababu umeisoma hapo juu. Ule mshale ndo unaokwambia hiki siyo faili lenyewe. Nimeona pia watu wakifuta shotikati wakidhani wamefuta faili, na wengine wakiituma shotikati kwa barua pepe wakidhani wametuma kazi. Uache.

*Nimebadilisha ikoni dekstopu lakini ya chini kwenye taskbar imebaki ya zamani (Eldoret).* Hizo ni shotikati mbili tofauti. Ya chini iondoe, kisha ya dekstopu ambayo umeshaibadilisha uibandike upya kule chini, itashuka na sura yake mpya.

*Folda je, nayo inabadilika? (Dodoma)* Ndiyo, "Properties", halafu "Customize", halafu "Change Icon". Windows itaandika faili lililofichwa linaitwa desktop.ini ndani ya hiyo folda, usilifute ukija kuliona. Pipa la taka na This PC vina sehemu yao, Settings, Personalization, Themes, kisha "Desktop icon settings", na pipa lina ikoni mbili, la tupu na la kujaa, badilisha zote mbili la sivyo ukitupa kitu sura ya zamani inarudi.

Assalaam alaykum fundi. Baba yangu yuko Unguja, ana miaka 74, tumemnunulia kompyuta aongee na sisi tuliotawanyika, mmoja Muscat, mmoja Dar, mie Pemba. Macho si mazuri na Kiingereza hajui. Kila tukimwelekeza anasema vipicha vyote sawa. Naenda kumwona wiki ijayo, nifanye nini?

Waalaykum salaam, na Mwenyezi Mungu amzidishie mzee afya. Barua hii nimeiweka mwisho makusudi kwa sababu ndiyo iliyonigusa.

Ukifika, ondoa kila kitu kwenye dekstopu, usifute, hamishia kwenye folda. Bakiza vitu vitatu au vinne anavyovitumia kweli. Tuseme kuongea na watoto, kusikiliza Qur'ani, na picha za wajukuu. Bonyeza Ctrl na uzungushe gurudumu la maus juu ya dekstopu, ikoni zitakua mpaka ziwe kubwa sana, hapo ndo utaona faida ya ikoni yenye saizi ya 256, zile za zamani zitaonekana zimepasuka pasuka kwa hiyo chukua kwenye imageres.dll au utengeneze zako kwa GIMP kama nilivyomweleza dada wa Tanga.

Kwa mzee mimi ningetengeneza. Ya kuongea na watoto weka uso wa mmoja wenu, ukatwe karibu, uso tu ujaze mraba, bila kanzu wala ukuta wa nyuma. Ya picha weka uso wa mjukuu anayempenda. Ya Qur'ani usimchagulie, muulize yeye mwenyewe anataka aone nini pale. Kama hizo kazi anazifungua kwenye mtandao basi shotikati zake ni za aina ya .url, ukienda "Properties" utakuta kitufe cha "Change Icon" chini ya "Web Document", kinafanya kazi vile vile. Mandhari ya nyuma iwe rangi moja ya giza, bila picha ya bahari wala maua, ili ikoni zionekane.

Majina nayo yabadilishe, ichague ikoni ubonyeze F2 uandike kama yeye anavyosema, "Ongea na watoto", "Kurani", "Wajukuu". Ziweke mbali mbali, moja kona ya juu, moja katikati, moja chini, kwa sababu mwenye macho dhaifu anakumbuka mahali kabla ya picha. Kwa hilo raiti-kliki kwenye dekstopu, "View", uondoe tiki kwenye "Auto arrange icons".

Halafu kaa naye siku mbili hizo umwache afungue mwenyewe, wewe usishike maus hata akichelewa. Akikosea mara mbili kwenye ikoni ile ile, ibadilishe hiyo ikoni. Kabla hujaondoka piga picha ya skrini kwa simu yako na uwatumie ndugu zako wa Muscat na Dar, ili siku mzee akipiga simu akisema kitu kimehama muweze kumwambia kilikuwa kona gani.